Maji ya Bure, Tope la Nani?

Ndiva ya Kwizungo, bwawa la kijiji la kumwagilia mashamba, ilikuwa imejaa pomoni, na tangawizi iliyopandwa chini yake ilikuwa inakufa kwa kiu. Ukimsimulia mgeni jambo hilo atadhani unamchezea shere. Lakini Nakijwa Mshana alikuwa amesimama juu ya ukuta wa mawe, maji yakimfikia karibu na vidole vya miguu, na upande wa pili aliyaona majani ya tangawizi yamejikunja na kuwa manjano, tuta baada ya tuta, hadi kwenye ukingo wa korongo.

Kati ya maji na mashamba palikuwa na lango la chuma, na juu ya lango sanduku la kijivu lenye taa moja nyekundu. Mababu walipojenga ndiva, maji yalilala humo usiku na kufunguliwa asubuhi kwa kuondoa gogo. Siku hizi mvua zimekuwa na kigeugeu, maji yananaswa kwa nyavu za ukungu kule juu ya kilele, na gogo limekuwa programu. Sanduku ndilo linalojua leo ni zamu ya nani, achukue kiasi gani, na ndiva ibakiwe na nini. Na sanduku lilikuwa la kampuni ya Tiririka, ambayo ililizima mara tu kijiji kilipokataa mkataba mpya. Mkataba wenyewe ulisema kwamba kila tone litakalonaswa na nyavu litakuwa mali ya Tiririka kwanza, ndipo liwe la Kwizungo.

"Wametuzimia kama taa ya chooni," alisema shangazi yake, Naetwe, mwenyekiti wa ndiva. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuvuka mabonde mawili. "Vijana wanataka kulivunja."

"Wasithubutu. Likivunjwa halifungiki tena. Maji yote yatashuka kwa mkupuo na matuta yenu mtayakuta tambarare."

"Ndiyo maana nimekuita. Huko Arusha si unaongea na masanduku ya vyumba vya baridi vya maua? Ongea na hili."

"Hili limeshonwa mdomo, shangazi. Itabidi lipewe bongo jingine, na kuandika bongo jipya ni kazi ya mwaka."

"Tangawizi haina mwaka. Kuna lile la zamani."

Nakijwa alijua lingetajwa tu. Kabla ya Tiririka, malango yote ya milima ya Upare yaliendeshwa na Zamu, programu huria iliyoandikwa na watu wa milima hiyohiyo na kuachwa wazi mtandaoni ili yeyote aichukue. Kisha waandishi wake wakaondoka mmoja mmoja. Zaidi ya miaka kumi sasa hakuna mtu aliyeigusa.

"Kitu kilichotelekezwa kina sababu ya kutelekezwa," alisema. "Nipe nafasi nikisome kwanza."

*

Alikisoma kwenye meza ya jikoni kwa Naetwe, baada ya makande ya mchana, na kadiri alivyosoma ndivyo alivyozidi kukaa wima.

Zamu ilikuwa imeandikwa na watu waliojua maji ni nini. Nyumba yenye msiba ilipewa maji bila kuomba, na programu ilizisogeza zamu za wengine taratibu ili fidia isimwangukie jirani mmoja. Mwenye bustani ya miche aliruhusiwa kuazima saa kwa mwenye migomba, na kurudisha baadaye. Hakuna chuo kinachofundisha kuandika hivyo. Aliyeandika alikuwa amekaa juu ya ukuta wa ndiva akisikiliza watu wakigombana.

Kasoro nayo ilikuwepo, tena kubwa. Zamu ilijua wingi wa maji kwa kipimo kinachotazama uso wa maji kutoka juu. Haikuwa na njia ya kujua chini kuna nini. Tope likijaa hadi nusu ya ndiva, Zamu iliendelea kuamini kuwa yote ni maji. Ukungu mzito ukija, ndiva ya namna hiyo hufurika upesi kuliko hesabu, lango huchelewa, na ukuta unasukumwa na uzito usiotarajiwa. Kipimo cha kuona ndani ya tope hakikuwa kimebuniwa kwa bei ya watu wa kawaida. Dawa ilikuwa moja tu: mtu aingie na ufito, apime tope, aiambie programu.

Waandishi walilijua hilo. Kila kiangazi mmoja wao, Eliamani Mgonja, aliacha ombi lilelile mahali ambapo watumiaji wote wangeliona: ndugu zangu, pimeni tope la ndiva zenu mniletee vipimo, peke yangu siwezi. Chini ya ombi la mwaka wa kwanza palikuwa na majibu mawili, yote ya kulalamika kwamba lango linachelewa. Chini ya mengine hapakuwa na kitu.

Hapo hasira ya Nakijwa ilikuwa bado ya wastani. Iliwaka alipofungua nakala aliyoitoa kwenye sanduku la Tiririka na kuyachungulia machache yaliyochungulika. Kanuni ya msiba ilikuwa humo. Ya miche na migomba ilikuwa humo pia, mstari kwa mstari. Tiririka haikuwa imebuni lolote, ilikuwa imeichukua Zamu nzima, ikaivika ganda la chuma na kuwauzia wenyewe. Majina ya waandishi yalikuwa yamefutwa. Maonyo yote kuhusu tope yalikuwa yamefutwa vilevile, na kasoro ikaachwa mahali pake.

"Wezi," alisema kwa sauti.

"Nani tena?" aliuliza Naetwe, aliyekuwa akisuuza sufuria.

"Hata wezi siwezi kuwaita. Leseni yenyewe inasema chukua, tumia, badilisha, hatudai chochote. Walichukua walichopewa, kisha wakawafungia mlango waliowapa."

Na palikuwa na jambo la mwisho, ambalo alilisoma mara mbili kwa kutoamini. Kila Jumatatu asubuhi, kila sanduku la Tiririka, mlimani na tambarare, bado lilikuwa likibisha hodi kwenye ghala la Zamu huko mtandaoni kuuliza kama kuna toleo jipya. Likilikuta linalimeza, bila kuuliza mtu. Kampuni ilikuwa imewafukuza wahandisi waliojua kwamba bomba hilo lipo, na waliobaki hawakujua maji yao yanatoka wapi.

*

Eliamani Mgonja alikuwa akiishi tambarare, katika kijiji cha Kwamajani, ambako alishona viti vya pikipiki chini ya bati lililoegemezwa ukutani. Mzee mrefu, miwani imefungwa kwa uzi, sindano ya mkonge mkononi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umetoka mlimani. Viatu vinasema."

"Kwizungo. Naitwa Nakijwa, mtoto wa marehemu Mshana. Nimekuja kwa habari ya Zamu."

Sindano ilisimama. Mzee aliichomeka kwenye sifongo la kiti, akavua miwani, akamtazama kana kwamba amekuja kudai kitu.

"Usijenge pale," alisema.

"Hata sijasema nataka kujenga."

"Asiyetaka kujenga hapandi gari kuja kwa mshona viti. Usijenge. Utajenga wewe, watakunywa wao, na siku lango likikwama watakupigia simu. Kwenu Kwizungo kuna mama mmoja alinipigia kuniuliza kama nina akili timamu. Nilikuwa kwenye matanga ya mama yangu. Nikatoka nje nikamtengenezea lango lake, kwa simu, huku nyuma wanaimba. Hakusema asante. Ana sauti kama tarumbeta."

Nakijwa aliinamisha macho. Sauti hiyo alikuwa ameisikia asubuhi ileile ikimhimiza apande gari.

"Walipokuja Tiririka na masanduku ya bure mwaka wa kwanza," mzee aliendelea, "milima yote ilikimbilia huko. Hakuna aliyeniuliza. Sasa mimi ninanunua maji kwa ndoo, kwenye lango la lambo lile pale, na lango hilo nimeliandika mimi kwa mikono hii. Kila ndoo ninayobeba ninajisikia mjinga."

Hakuinua sauti, na hilo lilimuumiza Nakijwa zaidi. Alitamani mtu mmoja wa Tiririka awepo pale, amshike ukosi, amkalishe kwenye kile kiti kisichokwisha kushonwa na kumlazimisha asikilize.

"Baba, kuna kitu sikielewi," alisema. "Mliandika kanuni ya msiba, ya miche, hata ya bibi harusi. Kwa nini hamkuandika ya tope? Ni nani aingie, lini, na asipoingia iweje?"

Eliamani alicheka kidogo, bila furaha. "Kwa sababu sisi ni Wapare. Pembe ya msaragambo ikilia, watu wanatoka na majembe kuzibua ndiva. Ndivyo nilivyozaliwa nikakuta. Nani ataandika kwamba watu watakuja kuzoa tope? Ungeandika kwamba mama atamnyonyesha mtoto wake? Tuliandika zamu za maji kwa sababu kwenye maji ndiko watu walikogombana. Kwenye tope hakuna aliyegombana, walikuwa wanakuja tu. Tukaweka ndiva kwenye mtandao, na pembe tukaisahau nyumbani."

Alisimama, akaingia ndani, akarudi na kifaa kidogo kilichochakaa. Kilikuwa ufunguo wa ghala la Zamu. Bila sahihi yake hakuna toleo jipya ambalo masanduku yangelikubali.

"Ninajua wanabisha hodi kila Jumatatu," alisema. "Nimejua siku zote. Humu ndani kuna mistari michache niliyoiandika zamani. Ukiituma, malango yao yote yatafunguka na hayatafunga tena. Sikupata moyo wa kuituma. Wewe bado una damu ya moto. Chukua."

"Na watu walio chini ya malango?"

"Watalowa."

"Wengine watazama, baba."

Mzee alirudi kwenye sindano yake. "Nimekwambia usijenge. Kama hutaki kubomoa, rudi mlimani. Ufunguo mimi siutaki tena."

*

Tuseme ukweli: Nakijwa alitaka kuituma ile mistari. Njia nzima ya kupanda Kwizungo aliionja raha ya kuona Tiririka inahangaika, simu zinalia, wakubwa wanatokwa jasho. Haki ilikuwa upande wake, na mtu mwenye haki ni hatari kuliko mwenye njaa. Watani wetu Wachaga husema Mpare yuko radhi auze ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Hawakukosea sana, na Nakijwa alikuwa tayari ameshamfungua ng'ombe.

Kamati ya ndiva ilikutana ukutani, na aliwaeleza yote. Naetwe hakusubiri amalize.

"Fungua yote. Wamezoea kutufungia, nao wafunguliwe."

"Au uwafungie," alisema mwingine. "Tambarare wakikosa maji siku mbili, watawararua hao Tiririka wenyewe."

Wakaitikia, mmoja baada ya mwingine. Nakijwa aliwatazama na, bila kutarajia, hasira yake iligeuka upande.

"Wazee wangu, nisikilizeni. Nikiwa mdogo, baba alikwepa msaragambo. Mnakumbuka. Alikuwa amelewa. Mlikuja nyumbani, mkachukua sufuria yetu kubwa mkaondoka nayo, na mama alipikia kwenye kopo mpaka baba alipokuja kuzoa tope. Nililia kwa hasira. Nilisema nikikua nitaikomboa sufuria ile nimpige nayo mwenyekiti."

Watu wakacheka. Naetwe, ambaye sufuria ilikuwa imekaa kwake, alicheka chini kidogo.

"Lakini jioni ile ilikuwa zamu yetu, na maji yalikuja. Mlichukua sufuria, kuku, jembe, kuna mtu mlimng'olea mlango. Maji hamkumnyima mtu hata siku moja. Leo mnanituma niwanyime watu maji, tena watu wasionijua, halafu niite hiyo haki. Mimi nikifanya hivyo, tofauti yangu na Tiririka ni ipi? Kwamba mimi ninaongea Kipare?"

"Basi uandike upya," alisema Naetwe, "uachane na ya Mgonja."

"Tangawizi itakuwa imekufa. Na nikijenga juu ya Zamu kama ilivyo, Tiririka watameza na kazi yangu pia, na tope litabaki palepale, mpaka siku ukuta utakapoanguka juu ya mtu. Sasa niwaulize. Mgonja aliomba vipimo vya tope miaka yote ile. Nani hapa alimjibu?"

Mtu mmoja alikohoa.

"Shangazi, wewe ulimpigia."

"Lango lilikuwa limekwama," alisema Naetwe.

"Alikuwa kwenye matanga ya mama yake. Alitoka msibani akakufungulia lango. Na kanuni ya msiba ni yeye aliyeiandika. Kila nyumba hapa ilipofiwa ilipata maji bila kuomba kwa sababu yake. Yeye alipofiwa, sisi tulimtukana. Tiririka walimwibia jina, sawa, lakini aliyemchosha ni sisi. Mnataka nimkasirikie nani kwanza?"

Naetwe aliikaza kanga yake kiunoni, akailegeza, akaikaza tena.

"Nitajenga," alisema Nakijwa. "Lakini nitaongeza kile walichokisahau nyumbani."

*

Hakuficha lolote. Toleo jipya la Zamu aliliweka ghalani pamoja na maelezo ya wazi juu ya kila kilichoongezwa, katika lugha ambayo hata mkurugenzi angeielewa, endapo angesoma. Majina ya waandishi wa zamani aliyarudisha mwanzoni kabisa, la Eliamani Mgonja likiongoza. Mistari ya kufungua malango yote aliifuta kwenye ule ufunguo bila kuinakili.

Alichoongeza kilikuwa kidogo. Kila lango lina king'ora, kwa kuwa sheria inataka watu waonywe kabla maji hayajashuka. Kuanzia sasa, lango ambalo tope lake halijapimwa lingetoa maji kama kawaida, bila kumpunguzia mtu hata kikombe, ila kabla ya kila zamu ya mchana king'ora kingelia mlio wa pembe ya msaragambo: mmoja mrefu, mifupi miwili. Watu wakilala, kingelala. Kuukomesha mlio kulikuwa na njia moja. Watu wawili wa eneo hilo waingie majini na ufito, kila mmoja kwa wakati wake, waandike kipimo na majina yao. Vipimo vikikubaliana, pembe inanyamaza mpaka msimu mwingine.

Alitia sahihi Jumapili baada ya ibada. Jumatatu asubuhi, bongo jipya alilolipakia kwa mkono likiwa ndani ya sanduku la Kwizungo, taa nyekundu ilizimika na ya kijani ikawaka. Kabla lango halijasogea, pembe ililia.

Watu walikuwa wamekuja kuyaona maji, wengine wamevaa vizuri. Walitazamana. Pembe haikuwa imesikika Kwizungo tangu Tiririka walipoleta masanduku, na watoto walidhani ni gari. Maji yakaanza kushuka kwenye mfereji, yakageuka kahawia, yakafika kwenye tuta la kwanza la tangawizi. Hakuna aliyeshangilia, kwa sababu mwenyekiti wa ndiva alikuwa amevua viatu.

"Nani ana ufito?" aliuliza Naetwe, akaingia majini na kanga yake.

Ufito ulizama hadi kiunoni mwake kabla ya kugusa chini, na zaidi ya nusu ya urefu huo ilikuwa tope. Kisha alimwita mjumbe mmoja apime upande wa pili, akaandika kipimo, na akatuma watu nyumbani wakalete majembe.

Asubuhi hiyohiyo milima iliyobaki ilianza kuitikia. Pembe ililia kwenye lango la Tiririka chini ya korongo, kisha nyingine ng'ambo ya bonde, kisha nyingine ambayo hawakujua hata kama kuna lango huko. Kwenye ramani ya malango katika kompyuta ya Nakijwa nukta nyekundu ziliwaka hadi tambarare na kuvuka reli. Maji yalikuwa yakitoka kote. Na kote watu walikuwa wakitoka nje kuuliza ni msaragambo wa nani.

Simu ililia kabla ya chakula cha mchana. Ilikuwa sauti ya kijana mwenye adabu za ofisini, msimamizi wa Tiririka.

"Dada, tumeambiwa wewe ndiye unayehusika na huu usumbufu. Mfumo wetu umeingiliwa."

"Mfumo wenu umekuja wenyewe kuchota, kaka. Kila Jumatatu huja. Safari hii umekuta kuna watu."

"Wateja wanapiga simu. Kuna mkutano wa wananchi kwenye lambo letu kubwa, wanauliza tope ni nini na kwa nini hatukuwaambia. Taja unachotaka, tuzungumze."

"Nimekwisha kutaja. Kipo kwenye maelezo. Leteni watu na majembe."

"Sisi ni kampuni ya teknolojia."

"Basi mtakuwa mmezoea vitu vigumu."

"Tutaiondoa sisi wenyewe hiyo sauti."

"Iondoeni, mnaruhusiwa. Leseni haijabadilika. Mtafuteni kati yenu mtu anayeijua Zamu kwa ndani aondoe." Alingoja. Alimsikia kijana akimuuliza mtu pembeni wale wahandisi waliofukuzwa walikwenda wapi. "Lakini mkiondoa pembe, wananchi wenu wameshaisikia."

Kijana alishusha pumzi, na wakati huohuo nukta moja nyekundu kule tambarare ikabadilika kuwa kijani. Ilikuwa ya lambo la Kwamajani.

"Asante sana, dada," alisema kwa ahueni. "Naona umeanza kuzizima."

Nakijwa alisogea karibu na kioo. Kipimo kilikuwa kimeandikwa vizuri, na mahali pa jina la mpimaji wa kwanza palisomeka E. Mgonja, mshona viti.

"Si mimi," alisema. "Kuna mzee ameingia kwenye tope lenu."